Mtoto haji Mbinga

Ikungi, Singida

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Goti limepoa? Kahawa inaivaje mwaka huu? Huku kwetu tuko salama. Alizeti zimeanza kuingia kutoka mashambani, vumbi linatufuata mpaka ndani ya sufuria, na mjukuu wako anakaa akiegemezwa na mto, mashavu yamejaa utadhani ameficha ugali.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Mama, kwenye simu wewe unaongea, mimi naitikia "haya mama, haya mama", halafu unampa jirani anisalimie, na salio linakata sijasema langu. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Fokasi asikusomee, namjua mdogo wangu, ataruka mistari. Miwani unayo. Soma mwenyewe, pole pole, ukiwa umekaa.

Nianze na mwili, kwa sababu wenyewe ulibadilika kabla akili yangu haijajua kinachoendelea. Miguu ilipanuka na mpaka leo haijarudi ilivyokuwa, viatu vyangu vya kanisani nimempa wifi. Nywele zinatoka kwenye kitana kama manyoya ya kuku. Tumbo limebaki kama gunia lililomwagwa alizeti, nami niliyekuwa nabeba gunia peke yangu, nikawa nainuka kitandani kwa kushika ukuta. Na nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu: waliponiwekea mtoto kifuani, sikusikia upendo. Nilimwangalia kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Nikaogopa sana. Nilidhani nimezaliwa bila kile ambacho wanawake wengine wanacho.

Mama mkwe ndiye alinikanda kwa maji ya moto, wewe ukiwa mbali. Unajua aibu yake hiyo? Kuvuliwa nguo na mama wa mume wako, halafu kitambaa cha moto kitue tumboni! Niling'ata kanga nisipige kelele, nimwonyeshe adabu. Akaniambia, "Piga kelele mwanangu. Mimi nilikandwa na mkwe wangu, nikamtukana kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili, na alikuwa mke wa mzee wa kanisa." Nikacheka mpaka mshono ukauma. Kisha nikapiga kelele kweli. Baada ya hapo ni uji wa uwele asubuhi, mchana, jioni, na kuku ambaye Elisha hakuruhusiwa hata paja. Mume wangu alikuwa anapita na mlenda wake akiniangalia kwa huzuni.

Upendo wenyewe ulikuja taratibu, sijui siku gani. Nilijikuta tu nimekaa nahesabu kope zake na chai imepoa.

Sasa kazini. Nimerudi kwenye mashine ya kukamua alizeti, mimi ndiye ninayeiendesha. Siku ya mnada, watu wamejaa, mfugaji mmoja mzee akapita amebeba kitoto cha mbuzi, nacho kikalia. Mama, kililia kama mtoto wa mtu. Maziwa yakatoka! Blauzi ililowa mbele ya wateja wote. Yule mzee akanitazama, akasema taratibu kabisa, "Binti, huyu ni wa kwangu. Wa kwako yuko nyumbani." Watu wakavunjika mbavu, na mimi nikacheka nao. Halafu nikaenda nyuma ya magunia ya mashudu, nikalia mpaka nikashindwa kuvuta pumzi.

Sikuwa namlilia mtoto wangu. Nilikuwa nakulilia wewe.

Kwa sababu bibi aliniambia mara nyingi, tena kwa kujivuna, kwamba uliponipeleka kwake nilikuwa bado nanyonya, akaniachisha kwa uji wa ulezi. Hiyo hadithi naijua kwa moyo. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia maziwa yako wewe yalikwenda wapi. Ulikuwa unachuma kahawa kifua kikiwa kimelowa? Ulijifunga kanga ukakaza? Mtoto wa jirani alipolia, ulifanya nini, mama? Siku zote nilidhani ulinitoa kwa sababu ilikuwa rahisi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, tunausema huo msemo tangu shuleni, na mimi nilikuwa nausema kama kasuku.

Nakumbuka niliporudishwa kwako kuanza darasa la kwanza. Ulipika wali na kuku wala haikuwa sikukuu. Nikala nikashiba, nikanawa, nikakuuliza, "Dada Yustina, nitarudi lini nyumbani?" Nilikuita dada kwa sababu wadogo zako kwa bibi walikuita hivyo, nani angenifundisha jingine? Ukacheka. Ukasema unakwenda kutazama kuni. Ulikawia sana kwenye hizo kuni.

Bibi sina ubaya naye, Mungu amrehemu. Alinipenda na sikukosa kitu kwake. Nakueleza tu nilivyokuwa.

Ndiyo maana salamu ulizomtuma Fokasi anifikishie kwa simu zimenikaa kooni. "Mama anasema kahawa ikishauzwa anakuja kumchukua Yustina, kitanda ameshatengeneza." Najua kosa ni langu pia. Nilipompa jina lako, ulidhani nimekupa mtoto. Kwenye ukoo wetu ingekuwa hivyo, mjukuu wa kwanza ni wa bibi mzaa mama, na akibeba jina lake ndiyo kabisa, mjadala umekwisha. Mimi nilikupa heshima ya jina, mama. Mtoto sikukupa.

Kwa hiyo nakuandikia kwa adabu zote, lakini nimekaza: Yustina haji Mbinga kulelewa. Atakuja kukusalimia, nikiwa nimembeba mimi, na tutakaporudi atarudi mgongoni mwangu.

Unauliza nitawezaje na mashine. Ninaweza. Nilikwenda kwa tajiri wangu nikamwambia wazi kwamba mtoto akikosa pa kukaa, na mimi sina pa kukaa. Alikuna kidevu, akasema, "Mama zetu walilima na watoto mgongoni. Mashine huwezi kuiendesha hivyo, itakula kanga. Basi ondoa madumu yangu stoo, weka mtoto wako." Elisha ameziba mlango wa upande wa mashine kwa matofali, kelele imepungua. Mama mkwe anashinda naye humo, anamwimbia Kinyaturu, na akilia ananiita, nazima mashine. Wateja wanasubiri. Mwanzoni walinuna, sasa wao ndio wananiambia, "Skola, mtoto analia, huna masikio?" Nachoka, sikufichi. Kuna siku nakwenda kulala bila kunawa uso. Lakini nikimpakata anashika kidole changu na kuning'ang'ania, na najua anajua mimi ni nani.

Shangazi Ostina atasema nimelishwa kitu huku Singida, nimesahau kwetu. Mwache aseme. Najua pia kwamba umeisubiri zamu yako tangu siku nilipotoka mikononi mwako, wazee walipokuambia utulie, wako utampata kwa mjukuu. Walikuahidi mtoto wangu ili usimlilie wako. Mama, mimi siwezi kutulizwa kwa ahadi ya mtoto wa Yustina ambaye hajazaliwa. Desturi hii lazima imkatikie mtu, basi inikatikie mimi. Ukikasirika, kasirika. Nitakuwa hapa hapa, sitakata simu.

Msalimie baba, mwambie nimeanza kufanana naye kwa ubishi, afurahi. Fokasi mdogo wangu umwambie aache kufikisha ujumbe mzito kwa sauti ya kutangaza mpira. Shangazi Ostina nampa shikamoo yake, hata akinisema. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema mkwe mwenzake ana deni la kuja kuonekana sura. Elisha anasema shikamoo mama.

Na kahawa ikishauzwa, njoo kama ulivyopanga. Usibadilishe hata siku. Ila kanga ya kubebea mtoto iache huko. Njoo ukae kwangu, unipikie kama siku ile ya wali na kuku, unikemee nisipokula, unisuke hizi nywele chache zilizobaki. Yustina anaye mama. Mimi ndiye nilikukosa nikiwa mdogo, na nimechelewa kusema.

Njoo, mama. Bado naleleka.

Mwanao,
Skolastika