Nukta Tisa za Mama Kulwa

Machimboni, Geita

Dada Kabula,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza: mume wako mzima, yuko nje hapo anaota jua na miguu yake yote miwili. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote kumtafuta yeye. Hamjambo hapo Songwa? Kifua cha mama kimetulia? Wapwa zangu bado wanamfukuza jogoo wa jirani? Mimi mwili mzima. Mkono tu ndio umechubuka, kwa hiyo usiucheke mwandiko, siku nyingine zote unajua naandika vizuri kuliko wewe.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa nadanganya. Barua nampa dereva wa lori la mchele anayepitia Maganzo.

Unakumbuka nilivyokutambia kwamba nimekuwa mtu wa kompyuta? Ulisema kidato cha pili chenyewe sikumaliza, kompyuta gani hiyo. Basi sikia kazi yenyewe ilivyo. Juu ya ukuta wa machimbo yetu kuna ufa. Kila upande wa ufa tumepigilia chuma, na kila asubuhi Mama Kulwa, mama mmoja wa Kahama mwenye kazi ya vipimo, anavuta tepu na kuandika ufa umefika milimita ngapi. Mimi naingiza namba kwenye programu, inachora grafu. Siku zinakwenda kulia, milimita zinapanda juu, kila siku nukta yake. Nikiichapa naibandika kwenye ubao karibu na duara, lile shimo wanaloshukia kina shemeji Masanja, chini kabisa ya huo ukuta. Wakiona nukta zimelala, wanashuka. Zikianza kupanda, hashuki mtu.

Siku moja nikakosea, nikaandika 310 badala ya 31. Grafu ikaharibika. Nukta moja imekaa juu kama kunguru kwenye mnara wa simu, nyingine zote zimebanwa chini hazionekani. Injinia aliyenifundisha alikuwa safarini. Mtu mwenye akili angerudi kusahihisha namba. Mimi fundi nikakumbuka alinionyesha jinsi ya kuweka mipaka ya mhimili, unaiambia programu ianzie wapi na iishie wapi. Nikaandika: sifuri mpaka arobaini. Kunguru akatoweka hapo hapo! Grafu ikapendeza, dada, mpaka nikaitembeza kwa watu. "Mnaona? Vyeti vya nini?" Chini ya kioo palikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza. Nikadhani programu inajisemea mambo yake.

Ile mipaka sikuiondoa. Siku zikaenda, mvua zikanyesha, na upande wa kulia wa karatasi pakaanza kubaki peupe. Shemeji akauliza, "Hapa mbona hamna kitu?" Nikamjibu kwa maringo, "Hizo ni siku zako zijazo, shemeji. Tulia." Na nilidhani hivyo kweli.

Juzi asubuhi nikamkuta Mama Kulwa mbele ya ubao, kidole chake kinatembea kwenye karatasi.

"Mabula, ng'wanawane, mwanangu, njoo. Nukta moja si siku moja?"

"Ndiyo, mama. Nilishakufundisha."

"Hujanifundisha kitu wewe. Nimepima siku ishirini na mbili. Hapa nahesabu kumi na tatu."

Nikacheka. "Labda ni macho, mama."

"Macho yangu yanaona tepu. Jana tepu ilisema sitini na nane. Hebu nionyeshe sitini na nane iko wapi hapa."

Nikatazama juu ya karatasi. Mwisho kabisa pameandikwa arobaini.

Dada, sijui nilifikaje kwenye kompyuta. Yale maandishi mekundu nikayasoma neno kwa neno, kwa Kiingereza changu hiki hiki: mistari tisa ya namba imeondolewa, iko nje ya mipaka. Ilikuwa inaniambia kila siku. Nikafuta mipaka, nikarekebisha ile 310 ikawa 31. Nukta zote zikarudi. Nane za mwisho zilikuwa zinapanda, na kila moja imeruka juu zaidi ya mwenzake. Namba hizo nimeziandika mimi, kwa vidole hivi hivi, bila kuzisoma, maana nilikuwa nangoja picha ndiyo iniambie.

Na chini walikuwa watu kumi na wawili, mume wako akiwemo.

Tuna rimu bovu la lori limening'inizwa, likigongwa watu wapande. Nililigonga mpaka mkono ukafa ganzi. Wakapanda wamevimba kwa hasira. Nikawaonyesha grafu mpya.

"Wiki nzima karatasi yako inasema salama," shemeji akasema, "leo inasema kifo. Nishike ipi?"

"Dogo kaota huyo," mwingine akadakia, na wakaanza kugeuka kurudi chini.

Nilishafungua mdomo niseme kompyuta iliharibika. Mama Kulwa akanitazama. Nikasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyezificha nukta. Nilitaka karatasi ipendeze."

Shemeji akavua kofia yake ngumu akanivika mimi. "Haya. Uliyekosea jana unaweza kukosea na leo. Shuka uniletee sururu yangu, nimeiacha chini."

Wakacheka. Nikaenda mpaka mdomoni mwa duara. Unanijua, dada, mimi ndiye niliyekuwa nashuka huku naimba ili wanione. Nikaushika mti wa kwanza wa ngazi. Nikatazama juu, ule ukuta.

"Sishuki," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. "Nitukaneni, nifukuzeni, sishuki." Nikalia mbele yao wote.

Hakuna aliyecheka tena. Shemeji akaketi pale pale mdomoni mwa duara. Wengine nao wakakaa, mmoja mmoja.

Injinia amerudi, amezungusha kamba eneo zima. Kipimo cha mwisho kabla ya kamba kilikuwa sabini na tisa. Mimi hajanifukuza bado. Wenzangu wameanza kunung'unika kwamba ukuta mbona umesimama tu. Shemeji hajasema na mimi tangu siku ile, ila jana mchana alinisogezea sahani yangu ya ugali.

Atakapokupigia atasema nimeokoa watu kumi na wawili. Atasema hivyo kwa kuwa ana moyo mzuri. Usimsikilize. Siku nane mume wako ameingia chini ya ukuta ule kwa sababu ya karatasi yangu nzuri. Nilitaka ulijue hilo kwa mkono wangu, ndipo uamue utanisalimiaje.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie nakula vizuri. Bibi wa kule kwa baba naye msalimie, na mjomba mfuga ng'ombe. Wapwa zangu uwabane mashavu kwa niaba yangu.

Mpaka naandika hapa ukuta bado umesimama, dada. Naomba uanguke sasa hivi, wakati hayupo mtu. Halafu naogopa hata kuomba hivyo, natoka kwanza nje kuhesabu watu.

Mdogo wako,
Mabula