Futi Ishirini Kutoka Kitini

Jumatatu, 3 Februari 1975

Miaka yangu sitini na sita. Vita ya Burma imekwisha, mimi nipo. Waingereza wamekwenda kwao, mimi nipo. Wake wawili nimezika. Mashine nne za kukata majani zimekufa mikononi mwangu. Mimi nipo.

Leo nimepiga chokaa mstari wa tufe, kama kila mwaka siku ya michezo ikikaribia. Wasichana, futi ishirini. Anayeuvuka anapatia bweni lake pointi moja. Chuo kizima hiki, hakuna anayenyoosha mstari kama mimi.

Akello alikuwa amekaa pembeni na fimbo yake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mguu wa kushoto umeliwa na polio, umefungwa chuma mpaka pajani. Wenye miguu kama yake wanapewa cheti cha ugonjwa. Wanakaa, wanapiga makofi. Ananiita Jajja, kama babu yake. Ameniambia wenzake bwenini wanamwita Mzigo, kwa sababu kichwa chake kinahesabiwa lakini pointi haleti. Wanacheka, naye anacheka. Mimi sikucheka. Nilimpa tufe. Akalitupa akiwa chini kwenye majani. Nimeona mikono mingi jeshini. Ule ni mkono.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa mkuu wa michezo. Kijana wa suruali ya pasi. Nikamwambia Akello atatupa tufe akiwa ameketi kitini. Akasema, "Mzee, michezo ni ya wenye mwili mzima. Wewe kata majani."

Nikakata majani. Chini ya dirisha lake. Saa nzima, pale pale, mashine inanguruma. Akatoka akiwa ameziba masikio. Haya, akasema, akivuka mstari kama wengine ataandikwa kwenye daftari. Alisema ili niondoke, najua. Lakini amesema.

Alhamisi, 6 Februari

Tumefanya mazoezi jioni, kwa kiti cha chuma cha chumba cha kulia. Mimi napima kwa hatua. Sajini wangu alinifundisha, hatua moja yadi moja, na kikosi kizima hakuna aliyenishinda kwa kupima. Leo Akello katupa hatua saba. Yadi saba ni futi ishirini na moja! Nikamwambia, mwanangu, umeshavuka. Akapiga kigelegele. Amekwenda kuwaambia bweni zima.

Mwalimu ni mimi.

Jumatatu, 10 Februari

Aibu.

Namuli, rafiki yake Akello, kaleta utepe wa kupimia kutoka stoo. Hatua zangu saba ni futi kumi na sita na inchi tano. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu. Utepe hauna kosa. Miguu yangu imefupika na hakuna mtu aliyeniambia.

Akello hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa Jajja, nitawaambiaje?" Afadhali angenitukana. Nimekuwa na hasira kutwa nzima. Nimemkasirikia hata Sajini, naye alikufa zamani.

Jumanne, 11 Februari

Leo sikutazama mkono, nilitazama kiti. Akisukuma tufe, kiti kinarudi nyuma. Kinakula nguvu yake. Burma tulikuwa na mzinga mdogo wa kurusha mabomu juu. Bamba lake la chini lisipokaa imara ardhini, bomu linaanguka karibu, pengine kwenu wenyewe. Nimesahau vipi kitu kama hicho? Nikakifunga kiti kwa kamba na vigingi vinne vya hema. Akello nikamfunga kiunoni kwa mkanda wangu wa jeshi. Futi kumi na nane na nusu. Hesabu ya utepe, si ya miguu.

Kisha akaja askari. Mrefu, kovu kidevuni. Siku hizi wanapita chuoni na hakuna anayeuliza kwa nini. Akaligusa tufe kwa buti. "Hii bomu?" Nikasema hapana afande, chuma cha michezo. Akauliza jina la msichana. Jina la Akello linasema kwao ni wapi, na watu wa huko siku hizi hawapendwi na jeshi. Nikawahi kujibu, mjukuu wangu huyu. Akanitazama, akamtazama. Hatufanani hata kucha. Akaenda zake.

Akello hakutupa tena siku hiyo. Mimi sikuogopa. Vigingi tu niliving'oa haraka.

Alhamisi, 13 Februari

Kumi na tisa. Mvua. Kumi na tisa tena. Nimechoka na kumi na tisa.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya michezo. Akello kaitwa wa mwisho kabisa, watu wameanza kwenda kunywa chai. Nikapigilia vigingi mbele ya macho yao. Wakarudi. Wasichana wa bweni lake wakaimba, "Mzigo! Mzigo!" Tufe la kwanza fupi. La pili likamponyoka. La tatu likapita juu ya chokaa, likaanguka upande wa pili. Sikugusa utepe, nisije nikashukiwa. Namuli akashika mwanzo wake, Mama Apio, mpishi wa bweni, akashika mwisho. Futi ishirini na inchi tatu. Wale waimbaji wakaanza tena, sasa kwa jina lake.

Mkuu wa michezo akafunga daftari. Eti kiti kimemsaidia. Kimemsaidia! Nikamwambia basi keti wewe, utupe. Akasema habishani na mkata majani.

Hapo yule askari wa kovu akatoka kwenye watu. "Mimi nitaketi." Akajifunga mkanda mwenyewe. Akatupa kwa nguvu zote, meno nje. Tufe likaanguka ndani ya mstari, futi tatu nzima kabla ya chokaa.

Hakuna aliyecheka. Mtu akimcheka askari siku hizi, nyumbani kwake wanaanza kumtafuta. Yeye kakaa pale kitini, kichwa chini. Kisha akafungua mkanda, akaukunja vizuri, akanipa. "Mjukuu wako ana mkono, Mzee." Akaondoka bila kugeuka.

Daftari halikufunguliwa. Askari hakuamuru, na mimi niliyepigana Burma sikuthubutu kumwomba. Hilo linanichoma kuliko yote.

Jumapili, 16 Februari

Hakuna kazi leo. Nimekaa na kalamu.

Daftari la chuo halina jina lake. Hili langu linalo. Akello. Tufe, kutoka kitini. Futi ishirini na inchi tatu. Herufi zangu kubwa, zimejaza mistari sita.

Atakayebisha amuulize Namuli, aliyeshika mwanzo wa utepe. Amuulize Mama Apio jikoni, hajawahi kunipendelea kwa lolote. Na yupo yule askari wa kovu kidevuni. Jina lake silijui, na simshauri mtu kumtafuta. Lakini aliketi pale pale. Anajua ni mbali kiasi gani.