Hodi ya Mtoni

Pickering

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu kutoka kwetu sote. Hapa tu wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu, na mama yako bado anaamka alfajiri kuwahi kazini. Tunakukumbuka, hasa wakati wa kula.

Umeniuliza: watu wa mitumbwi wakikukuta mtoni huko Calgary umeshatupa ndoano, si wewe mwenye haki, maana umetangulia? Unasema mlifokeana mpaka ukaapa hutarudi tena.

Nilipokuwa kijana Korogwe nilikuwa mkaidi kama wewe. Asubuhi moja nikivua perege, wakaja akina mama na ndoo za nguo. Nikajifanya siwaoni, maana povu la sabuni lingewafukuza samaki wangu. Mmoja wao, mtu mzima, akasimama ukingoni akasema, "Hodi, mwanangu," kana kwamba nimekaa sebuleni kwangu. Mdomo ukajibu "Karibu" kabla sijafikiri. Sasa utamkaribishaje mtu kisha umzuie mlangoni? Nikavuta mshipi, nikasogea upande wa juu. Perege walikuwepo huko pia.

Juzi nilikwenda kuvua kwenye mto wa hapa Pickering, nikamkuta Mzungu mmoja anamrushia mbwa wake kijiti majini. Hasira zikaanza kunipanda. Nikasimama mbali kidogo, nikasema, "Hodi."

Hakuelewa kitu. Lakini alimwita mbwa wake, akasogea, akanionyesha pa kusimama.

Rudi mtoni, Zuhura.

Babu yako