Nimezitosa Mtoni Risasi za Baba Mkwe

Shangazi Noeline, salamu. Nakusikiliza redioni kila asubuhi nikikamua ng'ombe na sikudhani hata siku moja kwamba nami nitakuandikia, lakini maji yamenifika shingoni, naomba unisaidie.

Naishi na baba mkwe wangu, mzee Murdoch, hapa nje ya mji wa Tuatapere, na wanawe wawili, mume wangu Craig na shemeji yangu Ewen, hawajawahi kuingia msituni msimu wa kulungu dume kunguruma bila risasi alizojaza mzee kwa mkono wake, kwa sababu kwenye ukoo huu kununua risasi dukani ni aibu, na kila mwaka mzee huchagua kichwa cha risasi kilekile kizito, husema, "Chepesi kina mbio, kizito kina adabu," na baruti ileile inayowaka polepole.

Sasa mwezi uliopita alikuwa anajaza risasi za bata, ambazo baruti yake huwaka upesi, nikampelekea chai bandani, nikamwona anamwaga mabaki ya baruti ya bata ndani ya kopo la baruti ya kulungu, na macho yake siku hizi yana ukungu. Nikasema, "Baba, hilo silo kopo lake." Akanijibu, "Binti, wewe hangaika na mikate yako ya jibini," na kesho yake akajaza boksi zima la risasi za kulungu kutoka kopo lile. Nikamwambia Craig, akacheka mpaka akakohoa: "Mzee anajaza risasi tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu!" Na jirani yetu ana jicho moja kwa kosa kama hilo hilo, bunduki ilimpasukia usoni, namwona kila Jumapili.

Basi nikalichukua lile boksi nikalitosa kwenye mto Waiau. Kopo nililiacha, maana nalo lingepotea wangejua kuna mkono wa mtu.

Shangazi, mzee amelitafuta lile boksi hadi chini ya kitanda cha mbwa. Ewen akaanza kunong'ona kwamba baba akili zimemruka, sasa hanong'oni tena, anasema mezani mzee akisikia, na ameshapiga simu kuulizia nafasi kwenye nyumba ya wazee kule Invercargill. Juzi mzee alinishika mkono akaniuliza, "Binti, hebu niambie ukweli, nilizijaza au niliota?" Nikamjibu, "Sijui, Baba." Alilia, mtu ambaye hakulia hata tulipomzika mama mkwe.

Na tangu jana yuko bandani anajaza nyingine, kutoka kopo lile lile. Wanaondoka Ijumaa. Nizichukue na hizi kimyakimya, au niseme ukweli wanifukuze? Nilitaka tu kuokoa uso wa mume wangu.
Mkwe, Tuatapere

Mwanangu Mkwe,

Barua yako imeniuma, na nitakujibu kwa ukali, usinune. Ulipomwonya mzee ulifanya vyema. Ulipomwonya mumeo ulifanya vyema, na yeye kicheko chake atakijibia siku nyingine. Hata zile risasi kuzitosa sitakulaumu sana, ingawa mto haukukosea kitu. Lakini kopo uliliacha ili wewe usijulikane! Hapo hukuwa ukiokoa uso wa mtu yeyote ila wako.

Halafu mzee akakuuliza swali moja, na jibu ulikuwa nalo mdomoni. "Sijui, Baba." Mwanangu, umemnyang'anya mzee akili zake ukiwa umeshika mkono wake. Na sasa unaniuliza kama umwibie mara ya pili? Ukifanya hivyo, Ewen hatahitaji kupiga simu tena, mzee atapanda gari mwenyewe.

Mficha uchi hazai. Nenda bandani sasa hivi, ng'ombe watangoja. Weka kiganja juu ya lile kopo na umwambie kwanza yeye peke yake: "Baba, ulizijaza. Nilizitupa mimi, na sababu ni hii." Mmwagie baruti kwenye kitambaa cheupe, aishike karibu na dirisha, aione: vijiti vya baruti ya kulungu na vibapa vya baruti ya bata vimelala pamoja. Mzoefu wa miaka yote hiyo hahitaji kuhubiriwa. Iliyochanganyika imwagwe kwenye majani, na zile alizojaza upya zing'olewe vichwa zote, hata moja isibaki mfukoni mwa mtu. Kisha uyaseme hayo hayo mezani, mbele ya Craig na Ewen. Na tangu leo asijaze bila mwenye macho mazima kukaa kando yake, na kopo likiwa moja tu mezani.

Watakutukana. Ewen atasema ulitaka mzee aondoke ubaki na nyumba. Mzee huenda asikusamehe hadi anaingia kaburini, nami sitakudanganya kwamba atakusamehe. Lakini atakuchukia akijua kwamba akili zake ni nzima. Zima redio, nenda.