Mkanda wa Kwadi ya Tonton Paluku

Jumatatu, 8 Oktoba 2001

Wameirudisha kwadi, ile pikipiki yetu ya magurudumu manne. Haikuja kwa nguvu zake — askari waliivuta kwa kamba mpaka mlangoni pa duka. Komanda wao aliichukua kwetu mwezi uliopita, "kwa kazi ya ulinzi". Jana aliingia nayo kwenye kijito kilichofurika, maji yakafika kwenye kiti. Sasa injini inawaka, inanguruma, magurudumu hayaendi.

Komanda anasema tuliiharibu makusudi kabla ya kumpa. Tonton Paluku, mwenye duka, akamjibu kwa upole kwamba ni maji. Wakamchukua, wakampeleka kambini kwao Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege. Kwadi ikitembea Ijumaa, atarudi nyumbani. Isipotembea — komanda hakumaliza. Akanigeukia mimi. "Weye karani, unajua kusoma. Tengeneza."

Mimi huandika mizigo ya kahawa tu. Jioni Tantine Kyakimwa, mke wa Tonton, akafunga duka.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimepata kitabu cha mashine. Mnunuzi wa kahawa aliyekimbia alimwachia Tonton kwadi pamoja na kitabu chake. Haina gia kama za pikipiki. Mkanda mpana wa mpira unazunguka kati ya puli mbili, ndani ya kasha la plastiki. Maji yakiingia kashani, mkanda unateleza. Basi. Ugonjwa tunaujua.

Nimemleta Papa Asumani, rafiki wa Tonton, mwenye mashine ya kusaga muhogo. Alipofungua kasha, maji ya tope yakamwagika, na kisamaki kimoja. "Eh, iko hata na mboga," akasema.

Mkanda wa mashine yake ukiteleza, yeye huupaka unga wa sandarusi, ule utomvu mgumu wa msituni, nao unashika. Nikamsomea kitabu: usipake kitu chochote.

"Kitabu kiliandikwa na mutu mwenye duka la mikanda pembeni yake. Sisi tuko na duka gani?"

Nikafunga kitabu. Akapaka. Kwadi ikazunguka ua. Tantine akalia kwa furaha. Nami nilifurahi, kidogo.

Jumatano, 10 Oktoba

Nilitaka kuijaribu kwa mwendo mrefu. Ilipopata joto, ikaanza kutoa moshi. Mkanda ukashika ghafla, ukanitupa kwenye ua wa mianzi, kisha ukaacha kabisa kuvuta. Sandarusi imeyeyuka na kuganda kwenye puli kama kioo. Mashine ya muhogo huzunguka polepole, mkanda wake haupati moto. Hilo hatukulifikiria, si yeye, si mimi.

Mkanda mwingine haupo mjini. Nimeuliza kila mahali.

Papa Asumani alikaa juu ya pipa, akasema sasa yeye ndiye amemfunga Paluku mara ya pili.

Tantine alipeleka chakula Simi-Simi. Walikipokea, hawakumruhusu kumwona. Sahani imerudi imelambwa. Tonton hajawahi kulamba sahani.

Alhamisi, 11 Oktoba

Siku nzima kusafisha. Mkanda nimeusugua kwa maji ya moto na sabuni, nikauanika kivulini. Hauna ufa. Puli zilitushinda: esansi, yaani petroli, ilitandaza ule utomvu tu. Mchana Papa Asumani akaja na chupa ya lotoko chini ya kanzu.

"Nimenunua pombe mbele ya watu wa musikiti. Paluku atanilipa hii haya."

Lotoko ililainisha sandarusi. Tukafuta, tukapiga msasa, tukafuta tena mpaka chuma kikang'aa. Kisha nikafuata kitabu hatua kwa hatua. Nikarefusha bomba la hewa la kasha kwa kipande cha mpira, nikalifunga juu kwenye usukani, maji yasiingie tena. Hilo halimo kitabuni. Ni wazo langu.

Jioni ilipanda mlima na magunia mawili ya mchele na Papa Asumani juu yake. Haikuteleza.

Ijumaa, 12 Oktoba

Tumeipeleka Simi-Simi. Komanda akaikimbiza kwenye uwanja wa ndege, akarudi anacheka. Tonton akatolewa. Ana kiatu kimoja. Alinishika bega.

"Nani alitengeneza?" komanda akauliza.

Papa Asumani akafungua mdomo. Ana watoto wadogo. Nikasema: mimi, afande.

Komanda akagusa lile bomba kwenye usukani, nikamweleza kazi yake. Nilimweleza vizuri kupita kiasi.

"Bon. Donc unaenda nayo. Kesho tunapanda Banalia."

Tonton akasema mimi si askari, ni karani wake.

"Alikuwa wako. Sasa iko karani wa kwadi."

Jumamosi, 13 Oktoba

Barabara ya Banalia. Daraja la magogo limechukuliwa na mafuriko. Ng'ambo kuna moshi, na hakuna hapa anayejua ni wa nani. Komanda anauliza kama kwadi inapita. Mlinzi wake aliingia majini, yakamfika kiunoni. Ni mrefu kuliko mimi.

Nikisema haipiti, watasema ninaogopa, na ni kweli. Pengine watasema neno baya zaidi, lile walilomwambia Tonton: makusudi. Nikisema inapita, nitakaa nyuma ya komanda. Nimeangalia kila kitu mara tatu. Kizibo cha kasha kimekaza. Mkanda ni mkavu. Mdomo wa bomba uko juu ya kiuno cha yule mlinzi, kwa vidole vichache.

Nimeomba nafasi ya kupima. Ninaandika ili wadhani ninapiga hesabu.

Mlinzi anasema karani huyu ana maandishi mengi. Komanda amekwisha kupanda bila kungoja jibu langu, anapiga kiti kwa kiganja, pale nyuma yake —