Kiti cha Dirishani

Southmuir, Kirriemuir,
8 Aprili 1871.

Mpendwa mdogo wangu Dand,

Pokea salamu za dada yako. Wewe na Jessie hamjambo? Theluji ya huko Kanada imeshayeyuka? Mimi ni mzima. Baba ndiye hajapona. Kikohozi cha majira ya baridi hakijamwacha, ndiyo maana sikungoja jibu la barua yangu ya Januari.

Viazi tumepanda. Bibi Mudie wa jirani anakusalimu, na bado anasema wewe ndiye uliyemwibia kuku wake, ingawa kuku mwenyewe alirudi.

Jumatatu alipita Mwalimu Tosh kuchukua karatasi ya sensa. Sheria unaijua: huandikwa aliyelala ndani usiku wa Jumapili, basi. Nilikuwa nimetuandika wawili, Baba na mimi, wafumaji wa kitani. Mwalimu alipokuja kuhakiki vyumba vyenye madirisha, maana navyo huhesabiwa, akachungulia karakana, akaona vitanda viwili vya mfumi, vya kufumia kitani.

“Mzee Geddes, hiki cha dirishani anafumia nani?”

“Dand, mwanangu. Mwandike.”

“Alilala hapa?”

“Nyuzi za mtande wake si hizo? Unadhani nani alizitanda, paka?”

“Mzee wangu, kijana yuko Kanada. Nikimwandika huyo, Bibi Mudie naye atataka nimwandike marehemu mumewe.”

Baba hakucheka. “Mimi nina watoto wawili, Mwalimu. Andika wawili.”

Dand, tangu uondoke sijapata kumsikia akitaja jina lako. Uliposema kazi ya mkono imekwisha kwa sababu ya mashine, alikujibu mbele yangu kwamba tangu siku ile ana mtoto mmoja. Nasikitika kwamba maneno ya Jumatatu aliyasikia Mwalimu, hukuyasikia wewe.

Mwalimu hakukuandika. Alikunja karatasi taratibu, akaaga. Baba akarudi kufuma kwenye kitanda chake cha mfumi kule ndani gizani. Macho yamefifia, uzi hukatika asiuone. Mara ngapi nimemsihi ahamie dirishani! Hukataa. Husema mtande ulioanzwa na mtu haumaliziwi na mwingine, kwa kuwa mapigo hayalingani na kitambaa kitaonyesha mahali mkono ulipobadilika. Nilidhani ni ukaidi wa wafumaji tu. Kumbe anakutunzia nafasi yako.

Sikuombi urudi. Una mke, na kuhusu kazi hii ulisema kweli. Lakini Baba hataanza kukuandikia, unamjua. Mwandikie wewe, kwa jina lake, usipitie kwangu. Mwambie akae dirishani aumalize mtande wako. Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Usikawie, Dand. Barua husafiri polepole, na kifua chake sikiamini.

Msalimie sana Jessie. Shangazi Isobel anawaombea kila Sabato, nami pia. Mungu awape afya na mkate wa kutosha katika nchi hiyo.

Baba ameingia sasa hivi kuota moto, akaniuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Amechochea moto. Kisha akasema, “Mwambie kile kioo cha dirisha lake kilichopasuka nimekibadilisha. Mwanga unaingia vizuri.”

Dada yako akupendaye daima,
Grizel