Pini Niliyoichomeka Kwenye Ruta

Kiwanjani,
Isiolo.
Jumamosi, 15 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Adan,

Assalaam aleikum. Kabla ya yote nakuomba, usimsomee mtu barua hii, hata mstari mmoja, hasa mama. Ndiyo maana nimeifunga kwa gundi na kumpa jirani yangu Kinanu mkononi, maana anasafiri kuja Kisumu leo.

Kifua chako kimepona? Wanafunzi wanakutii? Sisi ni wazima. Mvua bado.

Mjomba, nimeharibu kazini.

Ruta ya ofisi yetu ya maji hukubali laptopu za ofisi tu. Tangu Disemba nimekuwa nikifungua waifai kutoka kwenye laptopu yangu ili watu wanaongoja kwenye benchi wapate neti. Meneja wetu, Bwana Mworia, alikataza. Lakini mzee ametoka Sericho, siku mbili njiani, anataka kumwona mjukuu wake kwa simu, ningemwambia nini? Kwetu mtu hafukuzwi kisimani. Nikaona neti nayo ni hivyo. Mwishowe hata wauza miraa wa ng'ambo ya barabara walikuwa na nywila yangu.

Jumatano ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma orodha ya familia za Sericho zitakazoletewa maji kwa lori. Mwisho ulikuwa saa kumi na moja jioni. Saa kumi neti ikawa nzito, ukurasa haufunguki. Nilichomoa waya nikaurudisha. Nilizima ruta nikaiwasha. Sikukumbuka kufunga waifai yangu, na kumbe ndiyo iliyokuwa ikimaliza neti yote. Kwa hofu nikachomoa pini ya hijabu nikabonyeza kitundu kile cha nyuma mpaka taa zikazimika. Zilipowaka, mipangilio yote ilikuwa imefutika.

Fundi alifika Alhamisi. Orodha haikwenda. Familia hizo zitangoja maji mwezi mzima, na nyanya yetu aliye huko Sericho yumo.

Bwana Mworia alimgeukia Lodio, anayetufanyia usafi. "Ni wewe na hicho kitambaa chako cha maji!"

"Bosi, mimi napanguza vumbi tu. Hiyo kitu hata sijui inakula nini."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mjomba. Hicho kicheko ndicho kinachoniumiza zaidi.

Lodio ameambiwa akae kwake Burat, arudi Jumatatu saa tatu kuchukua barua ya kufutwa kazi. Mimi nitaingia kwa meneja saa mbili. Maelezo nimeshayaandika na kutia sahihi, ili nikishindwa kusema yasomwe. Nisamehe. Wewe ndiye uliyenisomesha, na jina lako ndilo lililonifungulia mlango wa ofisi hii.

Nisalimie Anti Sabdio na Dima. Mwenyezi Mungu awatunze, asiwatenganishe na kheri.

Mpwa wako anayekupenda na kukuonea haya,
Habibo

Namba ya ofisi usiipige tena. Piga kwa Hawo, mwenye nyumba wangu. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga Jumatatu mchana, si jioni. Nikipokea mimi mwenyewe, utajua kazi imekwisha. Akisema sijarudi kutoka kazini, basi wamenisamehe.